Anayemlea yatima naye ahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo nimekaa nalo moyoni tangu nilipostaafu ualimu wa shule ya msingi na wanakijiji wenzangu wakanichagua kuwa katibu wa kamati ya kijiji inayoshughulikia watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, hapa wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Tunapozungumza juu ya yatima, iwe katika vikao, katika mahubiri, katika hotuba au katika kurasa za magazeti, tunamzungumzia mtoto kana kwamba anaishi peke yake. Anayemlea hatumtaji. Na kwa kuwa hatumtaji, misaada mingi, ya Serikali, ya mashirika na hata ile tunayoichanga wenyewe, humpita kama basi linavyompita abiria aliyesimama mahali pasipo na kituo.

Miaka kadhaa iliyopita lilifika kijijini kwetu shirika moja, likiwa na nia njema ambayo sina sababu ya kuitilia shaka. Liliomba orodha ya yatima, nasi tukaitoa. Siku ya kugawa misaada watoto walipangwa mstari mbele ya ofisi ya kijiji, kila mmoja akapewa sare mbili za shule, viatu, begi, madaftari kumi na sabuni, wakapigwa picha, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Miongoni mwao walikuwemo ndugu wawili, mvulana na msichana, wanaolelewa na bibi yao mzaa mama. Bibi huyo ana wajukuu saba. Wawili hao ni yatima kwa maana ya orodha ile. Watano wengine wazazi wao wako hai, lakini mmoja alikwenda machimboni, mwingine anafanya kazi za ndani Dar es Salaam, na kwa misimu mitatu mfululizo hapakuwa na aliyetuma hata nauli ya kumpeleka mtoto zahanati. Jioni ile watoto saba waliingia katika tembe moja, wawili wakiwa na viatu vipya mguuni na watano wakiwa pekupeku kama walivyotoka asubuhi. Nilipopita hapo siku iliyofuata nilikuta viatu vimefichwa nyuma ya kihenge, na mtoto mkubwa miongoni mwa wale watano amekataa kwenda shule. Bibi aliniambia kwa upole, bila kunilaumu, "Mwalimu, mmewavisha wawili mkaniachia watano wa kuwabembeleza. Mngenipa mimi, ningejua la kufanya."

Maneno hayo yalinifanya nianze kutazama upya kazi yote ya kamati yetu.

Mlezi wa yatima katika vijiji vingi vya kwetu ni mwanamke aliyekwishapita miaka 60, mara nyingi mjane, mwenye ekari mbili au tatu anazolima kwa jembe la mkono. Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa mwaka ni milimita 500 hadi 600 hivi, nazo hazinyeshi kwa mpangilio. Huweza kunyesha siku nne mfululizo kisha anga likakauka wiki tatu. Katika hali hiyo, mwenye nguvu hupanda uwele na mtama wake mara mvua ya kwanza inapolowesha ardhi, akapalilia mapema, akavuna. Asiye na nguvu huchelewa wiki mbili, na wiki hizo mbili ndizo zinazotenganisha kihenge chenye nafaka na kihenge kitupu. Huwa inasemwa kwamba kifo cha mzazi humwongezea bibi vinywa vya kulisha. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli, kwa sababu kifo hicho hicho humwondolea mikono ya kulimia. Binti aliyezikwa Juni ndiye aliyekuwa apalilie Januari.

Matokeo yake huonekana katika miezi ile ambayo nafaka ya zamani imekwisha na mpya ingali shambani. Bibi huyo huamka alfajiri kwenda kufanya kibarua katika shamba la mwenye uwezo ili apate unga wa siku hiyo, huku shamba lake mwenyewe likimezwa na magugu, na hivyo njaa ya mwaka unaofuata huwa imekwishapandwa. Mtoto anayemsaidia kibarua ndiye anayekosa shule. Nimefundisha miaka 34 na nilichelewa kutambua kwamba utoro wa Januari na Februari, ambao tulikuwa tukiuandika katika taarifa kama uzembe wa wazazi, katika nyumba nyingi ulikuwa ni palizi.

Kizazi changu kimeona yatima wakiongezeka kwa namna ambayo wazee wetu hawakuizoea. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na baada ya miaka michache ugonjwa ulikuwa umefika katika mikoa yetu ya kati. Katika miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa darasa, na nakumbuka nilivyokuwa nikikata kwa kalamu jina la mzazi katika kitabu cha mahudhurio na kuandika pembeni jina la babu, shangazi au mama mdogo. Ukurasa mmoja ulikuwa na majina mengi yaliyokatwa kiasi kwamba mkaguzi aliniuliza kama nilikosea kuandika. Tangu mwaka 2004, dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bila malipo, wazazi wengi wameishi wakawalea watoto wao wenyewe, na hilo tumshukuru Mungu na wote waliolifanyia kazi. Hata hivyo yatima hawajaisha. Wapo waliofiwa kwa ajali za pikipiki, kwa malaria, kwa saratani zilizogunduliwa zikiwa zimekwishaenea, na wapo waliozaliwa siku ile ile mama zao walipofariki.

Hao wa mwisho wananiumiza kuliko wote. Takwimu za Serikali zinaonyesha kwamba vifo vitokanavyo na uzazi vimepungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa mwaka 2022, na hayo ni mafanikio makubwa. Lakini pale kifo kimoja kinapotokea, bibi hurudi kutoka hospitalini akiwa na kichanga mikononi na hakuna titi. Kila mama hufundishwa kliniki kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Bibi naye husikiliza somo hilo akijua kwamba kwake halitekelezeki. Maziwa ya kopo yanayofaa kichanga humalizika kwa siku chache, na bei ya kopo moja ni kubwa kuliko anachoweza kupata kwa vibarua vya wiki nzima. Niliwahi kumkuta mmoja akimnywesha mjukuu wa wiki tatu uji mwembamba wa uwele kwa kijiko, na alipoona nimetazama akafunika kikombe kwa aibu. Aibu ile ilipaswa kuwa yetu, maana sisi majirani tulikuwa tumekwishakula chakula cha msiba na kuondoka.

Sheria zetu hazijanyamaza kuhusu mambo haya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inamtaja yatima miongoni mwa watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi, na katika kifungu cha 94 inaiwekea mamlaka ya serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Tangu mpango wa kwanza wa Taifa wa huduma kwa watoto walio katika mazingira hatarishi, ulioanza mwaka 2007, vijiji vilielekezwa kuunda kamati na kuwatambua watoto hao katika mkutano wa hadhara, na baadaye, chini ya mpango kazi wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017/18, kamati hizo ziliunganishwa na nyingine kuwa kamati moja ya ulinzi. Kwenye karatasi muundo huo ni mzuri. Katika maisha, kamati nyingi hukutana anapokuja mgeni. Hazina fungu, hazina hata shajara ya kuandikia, na afisa ustawi wa jamii anayetakiwa kuziongoza huwa anahudumia eneo ambalo hawezi kulimaliza kwa miguu wala kwa pikipiki aliyonayo, ikiwa anayo.

Upo pia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambao awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Nausifu kwa jambo moja la msingi: unaitazama kaya, haumtazami mtoto mmoja mmoja, na fedha hukabidhiwa mtu mzima wa nyumba ile, ambaye mara nyingi ni mwanamke. Nimeona bibi akinunua kuku watatu kwa ruzuku yake na baada ya mwaka akalipia madaftari ya wote kwa mayai. Kasoro ninayoiona ni ya kalenda. Kaya huandikishwa kwa wakati maalumu, ilhali kifo hakisubiri uandikishaji. Bibi aliyeonekana kuwa na nafuu siku ya kuhakiki majina, kwa kuwa alikuwa na binti mwenye nguvu, anaweza kubaki na wajukuu wanne miezi miwili baadaye, na orodha ikawa imekwishafungwa.

Mambo yako hivyo hivyo kwa matibabu. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ilikuwa ikitolewa kwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita. Nyumba ya yule bibi ina watu wanane. Nimewahi kuombwa nimsaidie kuchagua ni wajukuu gani wawili wabaki nje ya kadi, na sikuweza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo, nami nawasihi wanaopanga utekelezaji wake wakumbuke kwamba kaya inayolea yatima ni kubwa kwa sababu ya huruma, na isiadhibiwe kwa ukubwa huo.

Kuhusu shule nitasema kwa kifupi, ingawa ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, iliwarudisha darasani watoto ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kuwarudisha nyumbani kwa kukosa michango, na kumbukumbu hiyo inanisumbua mpaka leo. Kilichobaki ni sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana. Uamuzi wa wazazi kuchangia mahindi na maharage ili watoto wale shuleni ni uamuzi wa busara katika mkoa wenye njaa za mara kwa mara. Lakini mchango unapohesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi, bibi mwenye wajukuu watano shuleni hudaiwa mara tano ya jirani yake mwenye ng'ombe na mtoto mmoja. Kijijini kwetu tulikubaliana kwamba kaya zilizo katika daftari la kamati zitoe siku za kazi jikoni au kuni badala ya nafaka, na kwamba mwalimu asisome majina ya wasiochangia mbele ya mstari. Hilo la pili halikugharimu hata senti, na kwa maoni yangu limewabakiza watoto wengi darasani kuliko jambo lolote jingine tulilofanya.

Baada ya kulalamika kiasi hicho, nina wajibu wa kueleza tulichojaribu wenyewe, pamoja na tulikoshindwa. Mwaka wa kwanza tuliamua kulima shamba la yatima, ekari mbili za alizeti, kila kitongoji kikitoa watu siku ya kulima. Siku ya kulima walijaa watu na ngoma ilichezwa. Siku ya kupalilia walikuja kumi na mmoja, na siku ya kuvuna tulipata magunia ambayo naona haya kuyataja. Tulikuwa tumewapa yatima shamba jipya huku mashamba ya bibi zao yakiwa hapo hapo yamejaa magugu. Mwaka uliofuata tuliacha shamba la pamoja, tukaweka siku za jembe: kila kitongoji kilichukua kaya zake chache, na Jumamosi mbili za Desemba na mbili za Januari watu kumi au kumi na wawili waliingia katika shamba la mlezi wakapanda na kupalilia kabla hawajaenda makwao. Mlezi hupika chochote alichonacho, hata kama ni ugali na mlenda tu, nasi hula, kwa sababu anayefanyiwa kazi bila kuruhusiwa kuwakirimu wageni wake huona ameombewa sadaka. Mavuno yalipokuja, baadhi ya nyumba hizo zilikuwa na nafaka hadi Februari kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Vikundi vya hisa navyo vimesaidia. Karibu kila kikundi cha kuweka na kukopa kina mfuko wa jamii, ule unaochangwa kiasi kidogo kila mkutano kwa ajili ya misiba na ugonjwa. Tuliwaomba akina mama wa vikundi vitatu waruhusu mfuko huo umfikie pia mlezi asiye mwanachama, kwa sabuni, mafuta ya taa na nauli ya kwenda kliniki ya tiba na matunzo kwa mtoto anayetumia dawa za VVU. Kikundi kimoja kilikataa, kikasema fedha ni za wenye hisa, na sikuona vibaya. Viwili vilikubali. Hivi viwili ndivyo vinavyonunua pia maziwa ya kichanga kwa zamu pindi msiba wa namna ile unapotokea, jambo ambalo kamati isingeliweza kwa uwezo wake.

Ugumu mkubwa ulikuwa orodha. Jina la nani liandikwe na la nani liachwe ni swali linaloweza kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja, na zamani lilikuwa likijibiwa na watu wanne ndani ya ofisi. Sasa husomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na yeyote anaweza kusimama akapinga. Tumewahi kulifuta jina la ndugu wa mjumbe wa kamati kwa njia hiyo. Tumeliandika pia jina la mama mwenye watoto watatu ambaye mumewe yu hai lakini ni mgonjwa wa akili, kwa kuwa wanakijiji walisema, kwa haki kabisa, kwamba watoto wale hawana wa kuwalea ingawa si yatima. Ndiyo maana daftari letu sasa ni la kaya zinazolea, na safu ya kwanza ni ya jina la mlezi.

Sitaki mtu anielewe kwamba kila ndugu ni mlezi mwema. Wapo wajomba waliokuja na mikokoteni siku ya arobaini wakaondoka na mabati, baiskeli na mbuzi wa marehemu. Wapo waliochukua binti wa miaka 13 kwa ahadi ya kumsomesha mjini, kumbe ni kwenda kulea watoto wa watu kwa mshahara unaopokelewa na mwingine. Wapo wanaomwamsha yatima saa kumi alfajiri kuchota maji huku wa kwao wamelala, na ukiuliza watakujibu kwamba yatima hadeki. Msemo huo wa wahenga ulisemwa kumpa mtoto moyo wa kujitegemea. Kuugeuza kuwa ruhusa ya kumtesa ni dhuluma. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumnyima mtoto haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake, na nimeona kwamba kukitaja kifungu hicho mapema, mbele ya wazee wa ukoo na mtendaji wa kijiji, kabla mali haijagawanywa, kunafaa kuliko kesi ya miaka miwili mahakamani.

Hapa niseme juu ya karatasi, jambo linaloonekana dogo siku ya msiba. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, kifo kinapaswa kuandikishwa ndani ya siku 30. Vijijini mtu hufia nyumbani, mtendaji hutoa kibali cha mazishi, watu huzika, kibali hukunjwa na kuwekwa chini ya godoro, na habari huishia hapo. Hakuna anayefikiria cheti wakati nyumba ina vilio. Miaka kumi na miwili baadaye mtoto yule, ambaye bibi alimlea kwa vibarua, anafaulu kidato cha sita na kuomba mkopo wa elimu ya juu, na Bodi ya Mikopo inamtaka, kama mwombaji aliyefiwa, awasilishe cheti cha kifo cha mzazi kilichothibitishwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Kibali kimekwishaliwa na mchwa, mtendaji wa wakati ule amehamishwa, mashahidi wawili wamefariki. Nilisafiri na kijana mmoja wa aina hiyo kutoka ofisi hadi ofisi kwa wiki nne, na dirisha la maombi likafungwa tukiwa bado tunatafuta muhuri. Alisubiri mwaka mzima akichimba mchanga mtoni. Cheti hicho hicho ndicho kinachohitajika, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo, ili mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Bila hicho, shamba la marehemu hubaki mikononi mwa yeyote mwenye sauti kubwa.

Kutokana na mkasa huo, mjumbe mmoja wa kamati yetu sasa hupewa kazi ya kukaa na wafiwa baada ya tanga kuanuliwa, akichukua kibali cha mazishi na kukifuatilia hadi kiwe cheti, na nauli yake hutolewa katika rambirambi kabla hazijafungwa. Siku hiyo hiyo wazee huulizwa hadharani nani anawachukua watoto, nani atachangia nini, na mali gani imeachwa, na mtendaji huandika. Mwanzoni tuliambiwa tunaharakisha mambo ya marehemu. Siku hizi familia hutuita zenyewe.

Nimelazimika kuandika mwaka huu na si mwingine kwa sababu ya jambo lililotupata sote. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi iliyokuwa ikiwahudumia watoto walio katika mazingira hatarishi, hasa wanaoishi na VVU, ilisimama au ikapunguzwa. Wahudumu waliokuwa wakitembelea nyumba kwa nyumba waliacha kuja. Sikukusudia kuwalaumu waliotusaidia miaka yote hiyo kwa fedha za wananchi wao, nawashukuru. Ila niliona jinsi nyumba zilizokuwa zimezungukwa na majirani wenye zamu zilivyotikisika kidogo, na zile zilizokuwa zikimtegemea mhudumu mmoja wa mradi zilivyobaki hazijui hata tarehe ya mtoto kurudi kliniki.

Wapo pia wanaodhani jibu ni kujenga makao zaidi. Makao yana nafasi yake, na hapa Dodoma tuna Makao ya Taifa ya Watoto Kikombo pamoja na vituo vya mashirika ya dini vinavyofanya kazi ya kuheshimika kwa watoto waliotupwa au wasio na ndugu kabisa. Lakini nimekutana na watoto waliopelekwa kwenye vituo ilhali bibi zao wako hai na wanawapenda, kwa sababu tu bibi hakuwa na chakula. Mtoto wa namna hiyo hapungukiwi na ndugu, anapungukiwa na debe la uwele, na ni rahisi zaidi kulipeleka debe hilo kwa bibi kuliko kumhamisha mtoto.

Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini bibi wa miaka 68 hapokelewi kwenye kikundi kwa kuwa wenzake wanajua hataweza kurejesha, na kwa kweli mkopo si kitu anachokihitaji. Ninaomba madiwani, mtakapopitisha bajeti itakayoanza Julai, mtenge fungu dogo linalojulikana kwa jina lake, la kaya zinazolea yatima, lipitie akaunti ya kijiji na matumizi yake yasomwe katika mkutano mkuu. Lianze na kadi za matibabu kwa watu wote wa kaya na maziwa ya vichanga walioachwa na mama zao. Ninawaomba pia viongozi wa misikiti na makanisa, ambao sadaka na zaka zenu huwafikia yatima hasa wakati wa sikukuu, mzipeleke baadhi mwezi wa Januari, na mzikabidhi mkononi mwa mlezi.

Wiki iliyopita nilipeleka daftari kwa yule bibi wa wajukuu saba ili athibitishe majina. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo nilimsomea. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nikifa mimi, Mwalimu, humo mmeandika hawa waende kwa nani?" Hatukuwa tumeandika. Nimeongeza safu kwa rula na kalamu, ya mlezi wa pili, na tumeanza kupita kwa kila nyumba kuuliza. Daftari lina kaya 23. Hadi naandika barua hii, safu hiyo ni tupu kwa kaya 14, ya kwake ikiwa mojawapo.

Wako,

Mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya kijiji,
Chamwino, Dodoma